Anatokwa Damu, Sisi Tunanong'ona

Hebu jiweke stendi ya Soni siku ya soko. Ukungu bado haujaondoka, malori yanapakia kabichi na karoti, makondakta wanaita "Mombo, Mombo!" Kwenye benchi la duka kakaa msichana wa miaka 17. Kajifunga khanga mbili. Baridi yote ile ya Usambara, yeye jasho linamtoka.

Anasubiri gari la kwenda hospitali, Lushoto mjini. Kabla halijafika wanapita akina mama wawili na vikapu vyao. Mmoja anamtupia jicho, kisha anamnong'oneza mwenzake, ila mnong'ono wenyewe ni wa kusikika hadi barabarani: "Si mtoto wa fulani yule? Wanasema kachoropoa mimba." Wanacheka kidogo, wanaingia sokoni.

Gari la Lushoto linafika. Msichana hapandi. Anawaza: kama hawa wameshajua, basi na nesi atajua, na nesi anasali na mama yangu. Anainuka taratibu, anarudi kijijini kwa miguu.

Mfano huu tumeutunga, kwa hiyo usianze kumtafuta ni nani. Lakini jiulize: usiku ule akizidiwa, kitakachomuua ni nini? Daktari ataandika kutokwa damu nyingi, au sumu kuenea kwenye damu. Hakuna fomu yenye nafasi ya kuandika "maneno ya stendi". Na bila yale maneno angepanda gari.

Makala hii inahusu maneno hayo. Hatukuambii ukatoe mimba, na hatukuambii ubadili imani yako. Lushoto ni nchi ya misikiti na makanisa, na huenda wewe unaamini kabisa kwamba kutoa mimba ni dhambi. Sawa. Endelea kusoma hivyo hivyo.

Kwanza, tujue tunachokizungumza

Mimba inaweza kutoka kwa njia mbili: yenyewe, au kwa kutolewa. Watu wengi hawajui jinsi ile ya kwanza ilivyo ya kawaida. Kati ya mimba 100 ambazo mama ameshajua kuwa anazo, kama 10 hadi 20 huharibika zenyewe, nyingi katika miezi mitatu ya mwanzo. Mara nyingi ni kwa sababu kiumbe hakikuanza vizuri tangu mwanzo. Si kwa kubeba ndoo, wala si kwa jicho la jirani.

Sasa sikiliza hili. Mwanamke akifika anatokwa damu, mara nyingi hata daktari mwenyewe hawezi kujua kwa kumtazama tu kama mimba imetoka yenyewe au imetolewa. Dalili ni zile zile na matibabu ni yale yale. Kwa hiyo yule anayesimama stendi na kutoa hukumu anajua kuliko daktari? Mama aliyeolewa, aliyekuwa akiisubiri mimba yake kwa hamu, naye anasemwa vivyo hivyo, na naye anajificha ndani.

Hatari iko wapi? Mara nyingi mimba haitoki yote. Mabaki yanabaki kwenye mfuko wa uzazi, damu haikatiki, na vijidudu vinapata pa kuzaliana. Ikiwa aliyeitoa hana ujuzi, ametumia kijiti, au amemnywesha msichana majani makali, sabuni au vidonge visivyojulikana kipimo chake, mambo huwa mabaya zaidi. Mfuko wa uzazi unaweza kutobolewa. Pepopunda inaweza kuingia. Wapo wanaopona lakini hawazai tena.

Shika dalili hizi kichwani, zitakusaidia hata siku ukiwa na dada yako au shangazi yako: damu inayolowesha pedi mbili kwa saa moja, na saa inayofuata tena hivyo hivyo, homa na kutetemeka, uchafu wenye harufu mbaya ukeni, maumivu makali ya tumbo yasiyotulia, kizunguzungu au kuzimia. Moja tu inatosha. Usingoje ya pili, na usingoje kupambazuke.

Hospitali wanafanya nini?

Wasichana wengi wanaogopa kwa sababu wamesimuliwa habari za "kukwanguliwa". Zamani ilikuwa hivyo: mgonjwa anaingizwa chumba cha upasuaji, analazwa usingizi, na mabaki yanakwanguliwa kwa chombo cha chuma. Siku hizi Shirika la Afya Duniani linashauri njia hiyo iachwe. Mabaki yanavutwa kwa bomba la mkono, mfano wa sindano kubwa isiyo na ncha, au mgonjwa anapewa vidonge vya kuufanya mfuko wa uzazi ujisafishe wenyewe. Kazi ya bomba ni ya dakika chache. Wauguzi na wakunga waliofundishwa wanaiweza, si lazima daktari bingwa. Halafu zinakuja dawa za kuua vijidudu, maji ya mshipani, damu ikihitajika, na chanjo ya pepopunda.

Baada ya hapo anapewa ushauri wa uzazi wa mpango, na hapa wengi wanashangaa: baada ya mimba kutoka, yai linaweza kupevuka tena ndani ya wiki mbili, kabla hata hajaona siku zake. Anayedhani ana muda anajikuta yuko pale pale.

Huduma hii inaitwa huduma baada ya mimba kuharibika. Serikali ya Tanzania inaitambua na wahudumu wanafundishwa kuitoa. Si huduma ya kichochoroni. Kutunza siri ya mgonjwa ni sehemu ya maadili ya kazi ya mhudumu, na mgonjwa ana haki ya kusema: "Dada, naomba tuongee pembeni."

Ipo, lakini haiwafikii wote. Mwaka 2013 watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) na Chuo Kikuu cha Afya Muhimbili, pamoja na Taasisi ya Guttmacher ya Marekani, walifanya hesabu ya nchi nzima. Walikadiria kwamba mwaka ule mimba 405,000 zilitolewa Tanzania, karibu zote kwa siri. Wanawake 66,600 walitibiwa hospitalini kwa madhara yake. Na wengine kama 100,000 walipata madhara ya kuhitaji matibabu, lakini hawakutibiwa. Laki moja! Umbali ni sababu mojawapo. Mtu wa Mtae ana zaidi ya kilomita 50 za kona na makorongo kufika Lushoto, tena mvua ikinyesha utelezi unaujua mwenyewe. Nauli ni sababu. Lakini hata anayekaa jirani na zahanati anaweza kushindwa kuingia, kwa sababu kwenye foleni yumo shemeji yake.

Sheria inasemaje?

Tusifichane, sheria yetu ni kali. Kanuni za Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 150 kinampa anayemtoa mwanamke mimba isivyo halali kifungo cha hadi miaka 14. Kifungu cha 151 kinamhusu mwanamke mwenyewe, hadi miaka 7. Kifungu cha 152 kinamhusu anayetoa dawa au vifaa akijua vitatumika hivyo, hadi miaka 3. Halafu kuna kifungu cha 230, ambacho hakitajwi sana vijiweni: anayefanya upasuaji kwa nia njema, kwa uangalifu na ujuzi, ili kuokoa maisha ya mama, hana kosa.

Maneno ya sheria hiyo tuliyarithi kutoka kwa Waingereza, nao waliyaandika mwaka 1861. Kwao waliilegeza mwaka 1967. Sisi tunaendelea nayo. Mwaka 2007 Tanzania iliridhia Itifaki ya Maputo, mkataba wa nchi za Afrika kuhusu haki za wanawake. Kifungu chake cha 14 kinazitaka nchi ziruhusu mimba itolewe hospitalini pale msichana alipobakwa, alipopewa mimba na ndugu wa damu, au pale mimba inapohatarisha afya au maisha yake. Hata hivyo Kanuni za Adhabu hazijabadilishwa kufuata hilo. Wanasheria wanawake wa TAWLA na wenzao wamekuwa wakilisemea jambo hili kwa miaka mingi, na upande wa pili wapo viongozi wa dini na wazazi wasiotaka kulisikia. Mjadala huo utaendelea, na wewe utakapofikisha umri wa kupiga kura utakuwa na sauti ndani yake.

Lakini angalia vizuri: hakuna kifungu hata kimoja kinachokataza kumtibu anayetokwa damu. Huyo wa benchi la Soni alikuwa na haki ya kutibiwa, awe alifanya nini au hakufanya.

Na yule mwingine yuko wapi?

Hivi umegundua kwamba stendi ile hakuna aliyeuliza habari za mwanaume? Aibu yote ilikaa kwenye benchi moja, imejifunga khanga mbili. Mghoshi mwenyewe huenda alikuwa sokoni akihesabu magunia yake.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti walizungumza na wanawake waliolazwa katika hospitali za serikali Dar es Salaam baada ya kutoa mimba. Wengi wao walikuwa wasichana wadogo, na baadhi ya waliowapa mimba walikuwa wanaume wa umri wa baba zao. Watu wa Lushoto mnaijua habari hii vizuri, maana mabinti wangapi wanateremka Mombo kila mwaka kwenda kufanya kazi za ndani Tanga, Arusha na Dar? Binti anarudi na begi lake na tumbo, hataki kusema ni la nani. Anayesemwa ni yeye.

Sheria haijamsahau huyo mwanaume. Tangu mwaka 1998, kufanya ngono na msichana wa chini ya miaka 18 ambaye si mke wake ni ubakaji, hata kama msichana alikubali. Tangu mwaka 2016, kumpa mimba mwanafunzi ni kifungo cha miaka 30. Ila kesi haiendi mbele kama msichana anaogopa kufungua mdomo, na anaogopa kwa sababu anajua atakayeaibika ni yeye. Unaona jinsi unyanyapaa unavyomlinda mkosaji?

Shule nayo ilikuwa na mchango wake. Kwa miaka mingi msichana mwenye mimba alifukuzwa, basi. Juni 2017 Rais Magufuli alitamka hadharani kwamba waliopata mimba wasirudi shuleni. Fikiri wewe ni msichana wa kidato cha tatu, unachagua kati ya kupoteza shule na kwenda kwa mtu wa vijiti. Novemba 2021 Wizara ya Elimu ilitangaza kuwa wanaoacha shule kwa sababu ya ujauzito wanaweza kurudi kwenye shule za kawaida. Mwaka 2022 kamati ya Afrika ya wataalamu wa haki za mtoto nayo iliamua kwamba kufukuza wasichana na kuwapima mimba kwa lazima kulivunja haki zao. Leo kurudi kunawezekana. Kama una rafiki aliyekaa nyumbani na mtoto, mwambie. Wapo wasiojua mpaka sasa.

Kisii na Kisumu

Tuvuke mpaka kidogo, kwa majirani zetu Kenya, tuone mambo mawili.

La kwanza linasikitisha. Mwaka 2014 msichana wa Kisii, mahakama ilimtaja kwa herufi tu, alibakwa na kupata mimba. Alitolewa mimba na mtu asiye na ujuzi. Alipozidiwa alizungushwa hospitali moja hadi nyingine, figo zikaharibika, na mwaka 2018 akafariki. Kumbe kabla ya hapo wizara ya afya ya Kenya ilikuwa imeondoa miongozo ya huduma na kuzuia wahudumu wasifundishwe. Mashirika ya wanawake, pamoja na mama yake, walikwenda mahakamani. Juni 2019 Mahakama Kuu ya Nairobi iliamua kwamba wizara ilikosea, miongozo ikarudishwa, na mama akaamriwa kulipwa fidia ya shilingi milioni 3 za Kenya. Mtoto hakurudi.

La pili lilifanyika Kisumu, na linawahusu wanafunzi kama wewe. Kuanzia mwaka 2017 watafiti, wakiwemo watu wa shirika la huko liitwalo KMET, waliingia shule za sekondari wakiwa na karatasi ya maswali. Hawakuuliza nani ametoa mimba. Waliuliza mnamwonaje aliyetoa, na mnamwonaje msichana anayetumia uzazi wa mpango. Je, anaambukiza wenzake tabia? Je, ameaibisha ukoo? Majibu yalikuwa makali, kwa wavulana na wasichana pia. Halafu shule moja ikapata vipindi vya mazungumzo, nyingine haikupata. Walipopimwa tena baadaye, ukali ulikuwa umeshuka zaidi kwenye shule iliyozungumza. Hakuna aliyeambiwa aache dini yake. Walizungumza tu, kwa utaratibu, jambo ambalo kwa kawaida linasemwa kwa kunong'ona.

Hata sisi tulishawahi kuliona hilo. Waulize wakubwa wako jinsi ukimwi ulivyokuwa ukitajwa: "ngoma", "amekanyaga waya", sahani yake pembeni, kikombe chake pembeni. Watu walifia ndani kwa kuogopa kupimwa. Neno "unyanyapaa" lenyewe wengi wetu tulilijulia huko.

Jaribuni pembe nne

Kama shule yenu ina klabu ya afya, kuna zoezi linalotumika nchi nyingi kwenye mafunzo ya wauguzi na walimu. Halihitaji pesa. Linahitaji chumba, karatasi, na mtu mzima mnayemwamini, mfano mwalimu wa malezi au nesi wa zahanati.

Andaeni sentensi tano au sita. Kwa mfano: "Msichana aliyetoa mimba asiruhusiwe kukaa bweni moja na wenzake." "Nesi ana haki ya kumsema mgonjwa kabla ya kumtibu." "Mwanaume aliyempa mimba anahusika sawa na msichana." Kila mtu anaandika kwenye karatasi, bila jina, kama anakubali kabisa, anakubali, hakubali, au hakubali kabisa. Karatasi zinakusanywa, zinachanganywa, zinagawiwa upya. Sasa unayo karatasi ya mwenzako, hujui ya nani.

Pembe nne za chumba ni majibu manne. Sentensi inasomwa, nawe unakwenda kusimama kwenye pembe iliyoandikwa kwenye karatasi uliyopewa. Siyo pembe yako, pembe yake. Halafu, na hapa ndipo kazi ilipo, unatakiwa kuitetea kwa sababu nzuri kadiri unavyoweza. Wewe uliyekuwa unasema afukuzwe bwenini, unajikuta unaeleza kwa nini asifukuzwe. Na wewe uliyekuwa unamtetea unalazimika kufikiri hofu ya mwenzako inatoka wapi. Mwanzoni watacheka, waache wacheke. Kufika sentensi ya tatu chumba kinakuwa kimya kidogo.

Sheria za chumba ni hizi: hakuna kutaja jina la mtu wa kijijini, hata kwa mafumbo. Hakuna kumuuliza mtu "kwani wewe umeshawahi?" Maneno "muuaji" na "malaya" yanabaki nje ya mlango. Semeni "mimba imeharibika" pale msipojua kilichotokea, na mara nyingi hamjui. Mwalimu asitoe hukumu ya nani kashinda, kwa sababu si mdahalo wa kupewa alama.

Mkimaliza, ongeeni dakika kumi kuhusu jambo la vitendo. Usiku mwenzenu akianza kutokwa damu bwenini, mnamwamsha nani? Nani ana simu ya mhudumu wa afya wa kijiji? Bodaboda gani inakubali kwenda usiku, na nani atampakata nyuma asianguke? Kituo gani cha karibu kina nesi usiku, na kama hakipo, gari la kwenda Lushoto au Bumbuli linapatikana wapi? Andikeni majibu hayo ukutani.

Zile karatasi nyingine, zenye pembe nne, zichaneni zote kabla ya kutoka chumbani.